Shajara ya mradi: mwandishi mmoja, ukurasa mmoja

Mombasa, Jumatatu, siku tisa kabla ya safari

Nianze na vifaa, maana pesa zimekwisha na vifaa ndivyo vilivyobaki. Kamera moja ya mkono wa pili, iliyotoka Marekani ikapitia kwa watu wawili kabla ya kunifikia. Simu ya mpwa wangu, itakayokuwa kamera ya pili. Maiki mbili za kubana kwenye kola, moja hukwaruza ukiugusa waya wake. Kinasa sauti kidogo, hedifoni, kadi nne za gigabaiti 64. Stendi mbili za kamera: moja nzima, nyingine mguu wake umefungwa kwa mpira wa baiskeli.

Mpango wenyewe: kwenda Nairobi wiki ya maonyesho ya vitabu, kuwahoji waandishi 20 wa Kiswahili kwa video, dakika kumi kila mmoja. Mimi nitauliza, mpwa wangu atashika sauti, na kijana wa kamera, mkaazi wa Kayole, tutamkuta huko huko.

Kilichonisukuma ni darasa. Nimefundisha fasihi miaka kadhaa na nimeona mwanafunzi akikariri riwaya nzima, aijue kwa sura na kwa wahusika, asijue kama aliyeiandika ni mzee au kijana, wa Pemba au wa Bungoma. Nikamsikilizisha mmoja sauti ya mwandishi kwenye kanda ya redio. Akasema, "Kumbe ni mtu." Nilicheka, lakini siku tatu sikulisahau neno lile.

Maswali matano nimeyaandika: ulianzaje kuandika, ujumbe wa kitabu chako ni upi, ulikumbana na changamoto gani, unaionaje hali ya Kiswahili, una ushauri gani kwa waandishi chipukizi. Nayaweka hapa ili baadaye niyaone na kujionea haya.

Hesabu ya kadi: tukirekodi kwa megabiti 50 kwa sekunde, saa moja inakula gigabaiti 22 na nusu. Kwa megabiti 100 inakula 45. Tumechagua 50. Kadi nne ni kama saa kumi na moja za picha, na kila usiku tutahamishia kwenye diski mbili tofauti kabla ya kufuta chochote. Mpwa wangu ameuliza kwa nini diski mbili. Nimemwambia moja itaibwa. Hakuona kuwa ni mzaha, na kweli haukuwa.

Miritini, Jumatano

Treni ya saa tisa alasiri. Tiketi za daraja la kawaida, 1,500 kila mmoja. Anayeijua stesheni hii anajua mtihani wake: mizigo yote hupangwa chini kwa mstari, abiria wakarudi nyuma, mbwa akapitishwa akinusa. Mkoba wangu wa kamera ulikuwa kati ya gunia la maembe na begi la mtoto wa shule. Mbwa alisimama. Moyo ukanienda mbio. Akanusa, akanusa tena, akaendelea na safari yake kuelekea kwenye maembe. Mpwa wangu akaninong'oneza, "Mjomba, ni ile halua." Nilikuwa nimesahau kuwa nimeweka halua kwenye mfuko wa chaja.

Njiani nimemsomesha namna ya kuvalisha mtu maiki. Umwombe ruhusa kwanza, hasa mwanamke. Umpe kibanio ajibane mwenyewe, kama upana wa kiganja chini ya kidevu. Umwangalie kama ana shanga, mkufu, au ncha ya mtandio, kwa sababu kila atakapogeuza kichwa hizo zitapiga maiki na huwezi kuziondoa baadaye. Na usimalize kurekodi kabla ya kunasa nusu dakika ya ukimya wa mahali. Ukimya wa chumba una sauti yake, na bila hiyo hutaweza kuziba pengo lolote wakati wa kuhariri.

Westlands, Alhamisi

Maonyesho ya Vitabu ya Kimataifa ya Nairobi hufanyika Sarit, jengo la maduka la hapa Westlands, na shirika la wachapishaji wa Kenya limekuwa likiyaandaa tangu miaka ya tisini. Kwa asiyewahi kufika: usidhani utakuta tamasha la waandishi wakipunga hewa bustanini. Ni ukumbi wa vibanda, na vingi vimejaa vitabu vya kiada. Ndivyo uchapishaji ulivyo huku kwetu. Mnunuzi mkubwa ni shule, na riwaya ya Kiswahili inayouzwa kwa maelfu kwa kawaida ni ile iliyoteuliwa kutahiniwa. Watoto wa sare wanaingia kwa mabasi, wanakusanya kalenda, vialamisho na peremende, kelele yao inapanda hadi kwenye paa na kurudi. Nawapenda. Lakini leo nilitamani wapewe likizo ya saa moja.

Tulikuwa tumepewa kona nyuma ya kibanda. Wa kwanza, mwandishi wa riwaya moja iliyowahi kuteuliwa. Mtu mpole, ametuletea na nakala yenye saini. Nikauliza swali la pili, la ujumbe. Akajiweka sawa, akakohoa, akasema: "Maudhui ya kwanza ni ufisadi. Ya pili ni nafasi ya mwanamke. Ya tatu ni migogoro ya kizazi." Akaendelea hadi ya saba. Kisha, bila kuulizwa, akaingia mbinu za lugha: tashbihi, takriri, kinaya, kila moja na mfano wake na ukurasa.

Nilidhani ni yeye tu. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu akaniuliza kabla hatujawasha, "Unataka kwanza maudhui au wahusika?"

Hapo nikaelewa. Watu hawa wamealikwa kwenye shule mia, wamesimama mbele ya watahiniwa mia tano kwa wakati mmoja, wameulizwa maswali yale yale kwa miaka minne au mitano. Kila mmoja amegeuka mwongozo wa kitabu chake mwenyewe. Nami, kwa maswali yangu matano, nilikuwa mwanafunzi wa mia tano na moja. Kosa halikuwa lao.

Mchapishaji mmoja naye alituahidi mshairi, akatuletea afisa wa mauzo. Afisa alizungumza vizuri kuliko wote. Hatutamtumia.

Alhamisi usiku

Balaa. Tumefungua picha kwenye kompyuta, na kila mwandishi ana mistari ya giza inayopanda taratibu usoni, kama kivuli cha pazia. Mahojiano matatu yote.

Kijana wa kamera aligundua kabla yangu. Kamera ni ya soko la Marekani, kule umeme huja kwa mizunguko 60 kwa sekunde. Wetu ni 50. Taa za ukumbini huzimika na kuwaka kwa kufuata mapigo ya umeme unaozilisha, jicho halioni, kamera inaona. Sisi tulikuwa tunarekodi fremu 30, yaani picha moja moja 30, kwa sekunde na shata ya moja kwa 60, yaani kila fremu ikipokea mwanga kwa sehemu moja ya 60 ya sekunde, kwa hiyo kila fremu iliikuta taa katika hali tofauti. Tumehamia fremu 25 na shata ya moja kwa 50, mistari ikatoweka papo hapo. Kubadili huko kulidai kadi ifutwe kwanza, tukashukuru kuwa tulikwisha kuhamisha. Mmoja kati ya wale watatu anaweza kuokolewa kwa sababu alikaa karibu na dirisha. Wawili ni wa sauti tu.

Nilikuwa na kamera hii miezi minne. Niliijaribu barazani, juani, mchana kweupe. Sikuwahi kuijaribu chini ya taa.

Kisha tukakaa watatu na chai, tukayatupa maswali matano. Kijana wa kamera, ambaye fasihi aliiacha mlangoni mwa shule ya upili na hataki kuirudia, akasema jambo moja: "Mzee, hao wote wanaongea wakiangalia juu. Kama mtu anakumbuka mtihani. Wape kitu cha kushika."

Tukaamua: ukurasa mmoja. Mwandishi achague ukurasa mmoja wa kitabu chake, ausome kwa sauti mbele ya kamera, kisha nimuulize kuhusu ukurasa huo na hakuna kingine. Sitauliza kitabu kinahusu nini. Nitauliza kwa nini neno hili.

Sharti lake, na hili ndilo zito: lazima niwe nimekisoma kitabu. Nimelala saa tisa usiku.

Mtaa wa Banda, Ijumaa

Mwandishi wa hadithi fupi alitukatalia kona ya ukumbini, akasema kama tunataka asikike tumfuate maktaba ya McMillan. Tukapata ruhusa ya kukaa kwenye ngazi za nje, karibu na wale simba wa mawe. Jengo lilifunguliwa 1931, na kwa sehemu kubwa ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Mwandishi aliponiona nikitazama nguzo akasema babu yake alikuwa akipita hapa kila siku kwenda kazini, na simba hawa aliwajua kwa majina aliyowapa mwenyewe. Nilijuta kwamba kamera haikuwa imewashwa. Funzo dogo: washa mapema, kabla ya "tuko tayari?" Mtu husema la maana akiwa bado anavalishwa maiki.

Akachagua ukurasa wa tatu wa hadithi yake. Mwanamke anarudi nyumbani jioni, anaingia, anafunga mlango kwa komeo, anakaa gizani. Basi. Akausoma polepole, kidole kikifuata mstari.

Nikamuuliza: "Kwa nini komeo? Kwa nini si kufuli?"

Alinyamaza. Nilitaka kumsaidia, ulimi ulikuwa tayari, mpwa wangu akanikanyaga mguu. Sekunde tisa, nimezihesabu baadaye kwenye mkanda. Kisha akasema: "Kufuli hufungwa na aliye nje. Komeo hulifunga mwenyewe uliye ndani. Watu wote walionihoji wanasema yule mama alifungiwa. Hakufungiwa na mtu."

Akaanza kueleza nyumba aliyokulia, mlango wake, sauti ya komeo lile la chuma saa ya magharibi, na mama yake aliyekuwa akilifunga hata mchana siku ambazo baba alikuwa safarini. Dakika kumi na mbili bila mimi kusema neno. Hakutaja maudhui hata moja. Macho yake hayakupanda juu. Yalikuwa kwenye ukurasa, kisha kwangu, kisha barabarani.

Ilipofika saa sita na nusu, adhana ikaanza. Msikiti wa Jamia uko ubavuni mwa maktaba, na vipaza sauti vyake haviombi radhi. Nilimwashiria tusubiri. Watu hudhani tatizo la adhana ni kwamba inafunika sauti. La, maiki ya kola ilimsikia vizuri. Tatizo ni mkasi. Ukikata sentensi moja katikati, adhana nayo inaruka neno, na msikilizaji yeyote aliyelelewa karibu na msikiti ataona kuna kilichokatwa. Ni hivyo hivyo kwa muziki wa matatu na kwa mahubiri ya mtaani: sauti yoyote yenye mpangilio wake hukunyima uhuru wa kuhariri. Upepo na msongamano wa magari havikuzuii.

Mwandishi akatabasamu, akakunja kitabu kidole kikiwa ndani, tukasubiri wote. Kijana wa kamera hakuzima. Dakika zile za kungoja, mtu amekaa na kitabu chake miguuni pa simba wa mawe, ndiyo picha nzuri kuliko zote tulizonazo.

Ijumaa jioni, kwa ufupi

Wawili zaidi ukumbini, kwa njia ya ukurasa. Mmoja alifaa sana. Mwingine alichagua ukurasa wa shukrani, wenye majina ya watu 30, akausoma wote.

Jumamosi

Leo nilitaka kulia.

Mwandishi wa riwaya, mama wa makamo, mwalimu mstaafu. Tulimpata katika ua wa nyumba ya wageni alikofikia, mwanga wa asubuhi, hakuna mtoto, hakuna muziki. Nilimwamkia, akanirudishia, akaniita "mwalimu mwenzangu", na kuanzia hapo mazungumzo yakawa ya watu wawili wa kazi moja. Alisoma ukurasa wa mwisho wa riwaya yake. Nikamuuliza juu ya sentensi ya mwisho, maana ilinitatiza: imeandikwa kwa mwendo tofauti na kitabu kizima, sentensi ndefu, adilifu, kama ya mtu mwingine.

Akatazama chini. Akasema, "Uliigundua?"

Akasimulia taratibu. Kwamba mwisho wa kwanza aliouandika haukuwa huu. Kwamba mhariri wa kampuni iliyokichapa alimwambia kitabu hakitapita shuleni kikiishia vile, na kuwa akitaka kisomwe na watoto lazima anayekosea aadhibiwe. Kwamba alikataa miezi sita, kisha ada za wanawe zikamkataza kukataa. Halafu akavuta pumzi na kuanza kuusema ule mwisho wa kwanza, wote, kwa kichwa, neno kwa neno.

Nilipomtazama kijana wa kamera nikaona uso wake umekuwa kama jivu. Taa nyekundu ilikuwa imezima.

Dakika 29 na sekunde 59. Kamera nyingi za picha za miaka ya nyuma zilitengenezwa hivyo: zikikaribia nusu saa hujizima zenyewe. Sababu yake si ufundi. Umoja wa Ulaya ulikuwa ukitoza ushuru zaidi kwa kifaa kinachorekodi video nusu saa au zaidi, kwa kukihesabu kamera ya video, basi watengenezaji wakaweka kikomo pungufu kwa sekunde moja. Kwa hiyo ushuru wa forodha wa Ulaya umenifikia katika ua wa nyumba ya wageni Nairobi na kumkata mwalimu mstaafu katikati ya sentensi. Na simu, kamera yetu ya pili? Ilikuwa imejaa. Mpwa wangu alirekodi simba wa McMillan dakika arobaini.

Sikumkatiza. Kinasa sauti kilikuwa kikienda, taa yake ya kijani naiona, na nilijua nikisema "samahani, tuanze tena" nitapata mwisho ule lakini sitapata pumzi ile. Akamaliza. Ndipo nikamweleza ukweli. Akacheka, akasema afadhali, kwa sababu hakujipaka poda.

Tunayo sauti nzima. Picha tunayo hadi "Uliigundua?" na kidogo baada yake. Nilimwomba tupige picha mikono yake ikifungua na kufunga kitabu, na daftari la zamani alilokuwa nalo kwenye mkoba, ambalo kumbe ndilo lenye mwisho wa kwanza kwa mwandiko wake wa penseli. Sauti itapita juu ya daftari.

Kisha suala la ridhaa. Fomu yetu ni ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, inataja Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na ina kifungu nilichokiongeza mwenyewe: mwandishi ana siku 14 za kuomba sehemu yoyote iondolewe, bila kutoa sababu. Wenzangu waliona najifunga mikono. Leo mama amesaini, kisha akaweka kidole kwenye kifungu hicho, akasema, "Hiki nitakifikiria."

Kanuni mpya: kijana wa kamera azime na kuwasha kila dakika ishirini, nikiwa nauliza, si mwandishi akiwa anajibu. Na simu isipige simba.

Jumamosi, kabla ya kulala

Tulirudi kwa miguu tukapita Westgate, jengo la maduka lililowahi kushambuliwa na magaidi. Mpwa wangu alikuwa mdogo mno mwaka ule. Nilimweleza kuwa tarehe 21 Septemba 2013, mshairi Kofi Awoonor wa Ghana aliuawa pale, katika shambulizi lile, akiwa amekuja Nairobi kwa tamasha la fasihi la Storymoja Hay. Alikuwa na miaka 78. Alialikwa kusoma mashairi, na wapo waliokuwa wamepanga kumsikia jioni ya siku hiyo hiyo.

Hakusema kitu. Tulipofika alienda moja kwa moja kuhamisha faili za siku nzima kwenye diski zote mbili, kisha akazifungua moja moja na kuzisikiliza hadi mwisho.

Jumapili

Mzee mshairi kutoka pwani, mgeni wa usiku wa ushairi. Tulimfuata Eastleigh kwa jamaa zake, chumba cha mazulia, mapazia mazito, chai ya maziwa. Kwa sauti hakuna chumba bora. Kila kitambaa kinakunywa mwangwi. Studio za wenye pesa hutafuta hali hii kwa sponji za ukutani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Huyu binti ni nani?"

"Mpwa wangu. Ndiye wa sauti."

Akamtazama akivaa hedifoni. "Basi na asikize vyema."

Mpwa wangu akapima: mzee azungumze kidogo, aseme alikula nini asubuhi. Sauti yake ya kawaida ni ya chini, ya mtu aliyezoea kusogelewa. Akaweka kiwango kwenye desibeli 12 (kipimo cha nguvu ya sauti) chini ya kilele, kama nilivyomfunza. Nikamwomba mzee asome ukurasa mmoja wa diwani yake.

Aliushika, akautazama, akaushusha. "Mwanangu, shairi halisomwi. Shairi laghaniwa."

Nikasema haya, mzee, ghani. Akafumba macho.

Sijui kueleza sauti ile. Ilitoka kwa mtu mwingine. Ile mizani minane kwa minane iliyokaa kimya kwenye karatasi ilisimama, kina cha kati kikapata mahali pake pa kupumzika, kila mshororo ukavutwa mwishoni hadi chai kwenye vikombe ikatikisika. Nami nikamwona mpwa wangu akinyanyua hedifoni kwa vidole viwili, uso umekunjamana, akigeuza kitufe haraka haraka. Sauti ilikuwa imepasuka. Kiwango tulichokiweka kwa mtu anayesimulia uji wa asubuhi hakikuweza kumbeba mtu anayeghani, na sauti ikishapasuka kwenye kinasa cha biti 24 hairudi. Vilele vimekatwa, umebaki na mkwaruzo.

Kilichotuokoa ni maiki ya juu ya kamera, iliyokuwa mita mbili na nusu mbali. Kule sauti ilifika imepungua, safi, na mapazia yalihakikisha haina mwangwi. Nimeamua beti zile zitumie maiki hiyo peke yake. Sauti inatoka mbali kidogo kuliko ya maongezi, na nadhani ndivyo ghani inavyopaswa kusikika: uko mlangoni, hujakaribishwa bado.

Tangu leo kinasa kinaandika nakala mbili za sauti kwa wakati mmoja, ya pili ikiwa chini ya ya kwanza kwa desibeli 12. Kifaa kilikuwa na uwezo huo siku zote. Umo kwenye ukurasa wa 41 wa kijitabu chake.

Nilimuuliza swali moja tu baada ya hapo, kwa nini beti ya tatu imerudia neno "kiti" mara mbili, na akanichukulia dakika ishirini na mbili kunifikisha kwenye jibu, akipitia kwa babu yake, dau lililozama, na ugomvi wa mirathi. Kijana wa kamera alizima na kuwasha nilipokuwa nauliza. Hakuna kilichopotea.

Mombasa, karibu wiki mbili baadaye

Hesabu: tulipanga 20, tukawapata 11, wanaofaa kutolewa ni 8. Mama mwalimu ni wa tisa. Siku zake 14 zinaisha Jumamosi na hajasema.

Kazi ya sasa ni manukuu, yale maandishi ya chini ya video. Hakuna programu niliyoijaribu iliyoandika Kiswahili cha watu hawa bila kuniaibisha. Ya mwisho iliandika "komeo" kuwa "kimeo". Tunaandika kwa mkono. Dakika kumi za mazungumzo zinanila saa moja na nusu, na zaidi kwa wanaokatizana maneno. Mstari mmoja tunaupa herufi 42, mistari miwili kwa wakati mmoja, na hapo ndipo lugha yetu inapokuadhibu: neno kama "hawakumwandikishia" lina herufi 18, karibu nusu ya mstari kwa neno moja. Uzuri wake ni kuwa maneno ni machache. Ubaya ni kuwa huwezi kulikata popote unapotaka.

Wapo wanaouliza kwa nini tunaandika manukuu ya Kiswahili chini ya Kiswahili. Jibu ni mama yangu mzazi, asiyesikia vizuri, na daladala, na ofisini, na watu wanaotazama bila sauti wakiwa kitandani pembeni ya aliyelala.

Alhamisi

Mzee nilimtumia beti zake kupitia simu ya bintiye, manukuu yakiwa tayari, yameandikwa na kijana wa kamera kwa kujitolea. Jibu limekuja kwa sauti, dakika nne. Salamu dakika moja. Kisha:

"Picha ni nzuri, sauti ni nzuri, binti mwambieni asikiza vyema. Lakini beti ya tatu mumenivundia kina. Mumeandika nchi. Mimi sikusema nchi. Nimesema nti."

Nikarudi kwenye mkanda. Kweli. Mishororo inaishia kiti, hati, kiti, nti. Kijana wa Kayole alisikia "nti", akadhani mzee kameza herufi, akamsahihishia kwa wema. Kwa kalamu moja Kimvita, lahaja ya Mombasa, kikawa Kiswahili sanifu na beti ikabaki na kina cha bandia mwishoni, na mimi niliyepitia manukuu yote mara mbili, mtoto wa Mji wa Kale, niliyekuwa nikisema "nti" nyumbani hadi shule iliponikataza, sikuona.

Nimerudisha "nti". Nimeanza upya kupitia mahojiano yote manane, hedifoni masikioni, nikitafuta pengine tulipowasahihisha watu vinywa vyao. Hadi sasa nimepata makosa saba, matano kati ya hayo nimeyaandika mimi.

Mama mwalimu amepiga simu nikiwa katikati ya la nne. Amesema sehemu ya mwisho iachwe, ila anataka kwanza arudi kulisoma lile daftari, kwa sababu ana hakika alituambia neno moja vibaya.